Mgongo wake ni kama meza, tandiko la kurukia halitulii

BARUA

Kwako mshauri,

Salaam kutoka huku kwenye chai na ukungu. Ninasimamia banda la farasi sita katika shamba moja upande wa Mufindi. Watano hawana shida. Wa sita ni farasi jike wa miaka tisa, kimo chake sentimita 150 akipimwa mabegani, mfupi wa mwili, kifua kipana, mbavu zimetoka kama pipa. Kile kinundu cha mabega ambacho wenzake wanacho, yeye ni kama hana. Ukimtazama kwa ubavuni, mgongo umenyooka kutoka mabegani mpaka kiunoni, na ukisimama nyuma yake unaona ungeweza kumtua sinia la vikombe na lisiinamie upande wowote.

Anapenda kuruka. Binti wa mwenye shamba amekuwa akimrusha viunzi vya sentimita 70 hadi 80. Tandiko tulilonalo ni la kurukia, la ngozi, kiti cha inchi 17, na chini ya ubawa, ile ngozi pana ya pembeni, limepigwa mhuri wa M, yaani wa kati. Kila wakitua baada ya kiunzi linasogea mbele. Wakimaliza viunzi vitatu limeshakaa juu ya mabega. Binti akipanda kutoka chini linazunguka upande. Tumekaza mshipi wa chini ya tumbo hadi tundu la mwisho. Tumeongeza mablanketi mawili ya kukunja tukidhani ngozi inambana. Tumemfunga mkanda wa kifuani. Bado. Mwezi huu ameanza kukataa viunzi na kung'ata hewa tunapomfunga mshipi, na juzi nikimpiga brashi nimeona vinywele vyeupe nyuma ya mabega, pande zote mbili.

Mwenye shamba amepata tandiko la mtumba Arusha lenye mhuri wa W, yaani pana, na muuzaji anaapa kwamba linamtosha farasi yeyote mnene. Tulichukue? Au fundi wa Mafinga anaweza kulipanua hili letu? Na kama ni kununua, nipime nini hasa? Huku hakuna mtaalamu wa matandiko wa kumwita aje bandani.

Msimamizi wa banda, Mufindi

JIBU

Kamwene, ndugu msimamizi.

Kabla ya habari ya kununua, mtoeni kwenye tandiko leo hii. Vinywele vyeupe huota pale ambapo ngozi imegandamizwa muda mrefu hadi damu ikashindwa kufika kwenye mashina ya nywele; kwa kawaida hubaki vyeupe maisha yote. Maana yake ni kwamba maumivu hayakuanza mwezi huu, ila mwezi huu ndio ameanza kuyasema. Kila asubuhi pita na ncha za vidole kwenye mgongo wake, upana wa vidole vinne kutoka kwenye uti, kuanzia nyuma ya bega mpaka ubavu wa mwisho, ukibonyeza kwa nguvu ya wastani. Msuli ukiruka, mgongo ukizama au masikio yakilala nyuma, bado anaumia. Mtembezeni kwa kamba kwenye miinuko, hiyo inatosha kumtunzia misuli. Ukikuta uvimbe wa moto au kidonda, hilo ni la daktari wa mifugo, tandiko lisubiri.

Sasa tuliangalie tatizo lenyewe. Nyote mnazungumzia upana: M, W, kubana, kupanua. Upana ni sehemu tu ya habari. Farasi wa namna hii anahitaji tandiko lenye umbo la mgongo wake, na umbo hilo lina pande mbili: jinsi tandiko linavyokata mgongo kwa mbele, na jinsi linavyolala kwa urefu. Chungu chenye tako la mviringo hutulia juu ya kata, lakini kiweke mezani uone kinavyobembea. Matandiko mengi ya kurukia yametengenezwa kwa farasi warefu wenye kinundu kilichopanda na mgongo uliobonyea katikati. Fremu yake ya ndani imepinda kama ndizi ili ijae kwenye ule ubonyevu. Farasi wenu hana ubonyevu. Fremu ya ndizi juu yake ni chungu juu ya meza: inagusa katikati tu, mbele na nyuma vinaning'inia, na kila anaporuka inabembea.

Hapo ndipo tandiko la W la Arusha linapoweza kuwatia hasara. Herufi ile inaeleza upinde wa mbele wa fremu peke yake, na hata huo haina kipimo cha pamoja. W ya kiwanda kimoja ni M ya kingine. Tandiko linaweza kuwa pana mbele na bado likawa ndizi kwa urefu. Tena upinde wenyewe una maumbo mawili. Kuna unaofanana na herufi V iliyogeuzwa na kuna unaofanana na U iliyogeuzwa. Ukiipanua V, miguu yake inatawanyika lakini kule juu bado ni kwembamba, nako ndiko mgongo wa farasi wenu ulikojaa nyama. Yeye anataka U. Muuzaji anayesema linamtosha farasi yeyote mnene hajatofautisha haya mawili.

Hili la M mlilonalo linafanya nini? Miguu ya fremu haishuki kando ya mabega, inakaa juu yake na kuyabana. Mbele ya tandiko inainuka, kiti kinainamia nyuma, uzito wa binti unakwenda nyuma ya kiti. Akiinuka kwenye vikuku, pale anapokanyagia, ili kuruka, uzito unahama ghafla, tandiko linabembea, na wakati wa kutua linasukumwa mbele. Mablanketi mawili yameongeza ubaya. Kila unene unaouweka chini ya tandiko linalobana unakula nafasi iliyobaki ndani ya upinde. Mlichokifanya kwa huruma kimembana zaidi. Yatoeni.

Mkanda wa kifuani nao hauna kosa, ila kazi yake ni kuzuia tandiko lisirudi nyuma, hasa kwa farasi mwembamba anayepanda mlima. Linalokwenda mbele hauwezi kulizuia. Na kukaza mshipi hadi tundu la mwisho hakulishiki tandiko lisilo na umbo la mgongo. Kunambana mbavu tu, ndiyo maana anang'ata hewa.

Mshipi wenyewe una jambo lake. Mpapase chini ya kifua, nyuma ya kiwiko, utafute mahali pembamba kuliko kote. Kwa farasi wenye mbavu za pipa mahali hapo huwa mbele sana, karibu kabisa na kiwiko. Mshipi hutafuta mahali hapo wenyewe, umfunge unavyomfunga. Kama mikanda ya kufungia inaning'inia kutoka kwenye tandiko sentimita saba au nane nyuma ya hapo, mshipi ukijivuta kwenda mahali pake unalivuta na tandiko. Kwa hiyo tandiko lenu jipya liwe na mkanda wa kwanza unaotoka mbele kabisa, kwenye ncha ya fremu, ili ukining'inia ushuke wima juu ya pale pembamba. Lipo pia jambo la usalama: katika matandiko mengi yenye mikanda mitatu kila upande, wa pili na wa tatu wameshonwa kwenye utepe mmoja ndani, na wa kwanza una utepe wake. Tumieni siku zote wa kwanza pamoja na mmoja kati ya hao wawili. Ukifunga wa pili na wa tatu peke yao, utepe mmoja ukikatika mtoto yuko chini. Mshipi uliopinda mbele katikati, wenye nafasi ya kiwiko, husaidia sana kwa umbo hili, kwa sababu sehemu yake ya chini inakaa mbele na ncha zake zinabaki nyuma kidogo, chini ya tandiko.

Kuhusu fundi wa Mafinga. Fundi viatu mzuri anaweza kushona upya ubawa uliofumuka, kubadilisha vishikizo vidogo vya ngozi, hata kutengeneza mikanda ya vikuku kama ana ngozi nene isiyo na nyufa. Fremu asiiguse. Kwa kawaida ni mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka na kuimarishwa kwa bapa za chuma, au ni plastiki ngumu. Akiitia moto au kuitanua kwa jeki, mbao zinapasuka ndani ya ngozi usipoziona, na tandiko lililovunjika fremu humchoma farasi mgongoni kila hatua. Yapo matandiko ambayo fremu yake hupanuliwa kwa mashine maalumu na watu waliofunzwa, kiasi cha saizi moja. Lakini hata wao hawawezi kuigeuza V kuwa U, wala kuinyoosha ndizi.

Na asijaribu kujaza mito. Sufu na sufi si kitu kimoja. Mito mingi ya chini ya tandiko hujazwa sufu, manyoya ya kondoo yaliyochambuliwa, kwa sababu hubonyea na kurudi. Sufi ya mito ya kulalia hujikusanya na kuwa madonge magumu kama mawe, na sponji ya godoro inasinyaa chini ya kilo sitini kwa wiki chache tu. Donge moja chini ya mto linatosha kuleta kidonda.

Basi tupime. Unahitaji makatoni makubwa, kalamu ya wino mzito, futi ya fundi nguo, na waya mgumu wa umeme wenye ganda. Kata kama mita moja na robo, ukunje mara mbili na kuusokota upate kama sentimita 60 zenye ugumu wa kushika umbo. Rula laini ya kupinda ni bora zaidi ukiipata. Farasi asimame kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Huku kwetu hilo si dogo, mabanda mengi yako kwenye mteremko, na farasi aliyesimama kwenye mteremko anakupa vipimo vya uongo. Mpeleke hata kwenye sakafu ya ghala. Miguu minne ikae mraba, kichwa usawa wa kawaida, asiwe anakula.

Tafuta ukingo wa nyuma wa bapa la bega. Mwenzako auinue mguu wa mbele na kuuvuta mbele taratibu; utauhisi ukingo huo ukiteleza kurudi nyuma chini ya kiganja. Weka alama ya chaki mahali unapofika mguu ukiwa umenyooshwa. Tandiko linapaswa kumwachia nafasi hiyo, maana ndiyo anayoitumia anapoinua miguu ya mbele kuvuka kiunzi. Alama ya pili ni ubavu wa mwisho: farasi ana jozi 18 za mbavu, papasa ule wa mwisho pembeni ya tumbo na uufuate unavyopanda hadi karibu na uti. Kati ya alama hizi mbili ndipo mito ya tandiko inaporuhusiwa kubeba uzito. Nyuma ya hapo ni kiuno, hakina mbavu za kukitegemeza. Pima umbali huo kwa futi na uuandike.

Sasa bonyeza waya juu ya mgongo mahali pa kwanza, vidole viwili nyuma ya alama ya bega, ushuke pande zote mbili. Uondoe bila kuupinda, uulaze kwenye katoni, chora mstari wa upande wa ndani. Rudia katikati ya mgongo, na tena juu ya ubavu wa mwisho. Mchoro wa nne unapita kwa urefu, kutoka mabegani hadi ubavu wa mwisho, si juu ya uti wenyewe bali kando yake, pale mto utakapolala. Andika tarehe na upande wa kushoto na kulia, kisha kata katoni kwa mkasi. Zirudishe mgongoni uone kama zinakaa bila mwanga kupita. Ile ya kwanza itakuonyesha kama anataka U. Ile ya nne itakuonyesha kwa macho yako jinsi mgongo ulivyo bapa.

Ukishika katoni ya nne, mpigie muuzaji wa Arusha. Mwambie aligeuze tandiko mito juu, apige picha kutoka ubavuni, usawa wa meza. Ukiona mito imepinda kama mashua, achana nalo, hata likishushwa bei nusu. Ukiona imenyooka na imeinuka kidogo tu kwenye ncha, endelea kuuliza. Picha ya mbele ikionyesha upinde: U au V? Picha ya chini ikionyesha mfereji katikati ya mito, na futi imewekwa kukatisha: unataka vidole vitatu hadi vinne, yaani sentimita sita hadi nane, kutoka mbele mpaka nyuma bila kubana. Urefu wa mito inapogusa mgongo usizidi ule ulioandika. Hapa wengi hukosea: inchi 17 ni kipimo cha kiti, kutoka kwenye msumari wa pembeni ya kichwa cha tandiko hadi katikati ya ukingo wa nyuma, kwa ajili ya makalio ya mpandaji. Matandiko mawili ya inchi 17 yanaweza kuwa na mito ya urefu tofauti kabisa, na farasi wenu ni mfupi. Angalia pia kama mito ya nyuma ina kina kirefu. Kwa farasi asiye na kinundu, mito minene nyuma inamwinua mpandaji na kumsukuma mbele, shida ileile mnayoikimbia.

Akiwa muuzaji wa kweli atakubali umtumie zile katoni kwa basi, aziingize chini ya tandiko mwenyewe. Kabla hujalipa, mwambie pia ajaribu fremu: akumbatie kichwa cha tandiko tumboni na kuvuta ukingo wa nyuma kuja kwake. Kiti kikijikunja sana au kikilia kwa ndani, fremu imekwisha. Kisha abane ncha mbili za mbele kuja pamoja. Zikisogea, hivyo hivyo. Na mkubaliane kwa maandishi kwamba lisipomfaa linarudi.

Kama hamjafungwa na hilo la Arusha, ningewashauri mtafute tandiko ambalo bapa ya chuma ya upinde wa mbele inaweza kubadilishwa, na lililokusudiwa farasi wapana. Wintec ya Australia ina muundo uitwao Wide, na Thorowgood ya Uingereza ina uitwao Cob. Yote mawili yamefikiria mgongo kama huu. Si ya ngozi, na kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili hilo ni faida, unapangusa tu bila kuhofia ukungu. Mengi ya aina hii si ya kurukia peke yake, ni ya kazi zote. Msivunjike moyo. Tandiko la kurukia lina ubawa uliosogezwa mbele kwa sababu vikuku hufupishwa na goti linakwenda mbele. Kwa viunzi vya sentimita 80 ubawa wa tandiko la kazi zote unatosha goti la binti. Mkifika mita moja na kuendelea tutazungumza tena. Farasi mwenye mgongo usiouma chini ya tandiko la kawaida ataruka vizuri kuliko anayeumia chini ya tandiko la mashindano.

Bapa ya kubadilisha ina manufaa yake na mipaka yake. Inabadilisha upana na pembe ya mbele. Haibadilishi umbo la fremu wala la mito. Ninaisisitiza kwa sababu ya majira yetu: Aprili majani yamejaa, farasi wa aina hii ananenepa kwa kuyatazama tu, Oktoba malisho yamekauka, amepungua saizi nzima. Pimeni katoni mara mbili kwa mwaka, miezi hiyo miwili. Kama tandiko ni la fremu isiyobadilika, chagueni linalomtosha akiwa mnene, kisha kiangazi mpunguzieni nafasi kwa kipande cha feliti, kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa, cha unene wa sentimita moja, kimoja kila upande, sawasawa. Lililozidi upana kidogo linazibika. Linalobana halina dawa.

Na hapa niseme la pembeni lakini zito. Mgongo mpana mara nyingine ni umbile, mara nyingine ni mafuta. Kama juu ya shingo pana ukuta mgumu usiotikisika, nyuma ya bega kuna nyama tepetepe ya kushika kiganjani, na katikati ya mgongo kuna mfereji, amenenepa kupita kiasi. Farasi wa hivyo yuko karibu na laminaitisi, uvimbe ndani ya kwato unaoweza kumlaza kabisa. Mpunguzieni pumba na majani mabichi kwanza, ndipo mnunue tandiko. Mkilinunua sasa litakuwa kubwa baada ya miezi mitatu.

Likifika, usilifunge siku hiyo hiyo na kwenda uwanjani. Liweke mgongoni bila kitambaa, mbele kidogo ya mahali pake, kisha liteleze kurudi nyuma mpaka lisimame lenyewe. Ncha ya fremu iwe nyuma ya alama ya bega. Ubawa kuufunika bega ni sawa. Ncha ngumu iliyo ndani ndiyo isiyoruhusiwa, na usilisogeze mbele ili ubawa upendeze. Bonyeza kichwa cha tandiko kwa kiganja: nyuma pakiinuka zaidi ya unene wa kidole, linabembea. Pitisha mkono bapa chini ya mto kutoka juu kwenda chini nyuma ya bega. Uteleze kwa shinikizo moja, usikwame juu wala chini. Kisha weka gololi ya watoto kwenye kiti. Inapaswa kutulia katikati. Ikikimbilia nyuma, tandiko linabana mbele. Ikikimbilia mbele, limezidi upana.

Fungeni mshipi kwa awamu tatu, tundu moja moja kila upande, na mtembezeni hatua chache katikati. Weka kitambaa kimoja cha pamba, ukivute juu kiingie ndani ya mfereji wa tandiko kisibane uti. Binti apande kutoka kwenye kitu imara cha nusu mita, gogo lililokatwa vizuri linafaa, na mtu ashike kikuku cha upande wa pili. Farasi asiye na kinundu hapandwi kutoka chini, hata tandiko liwe zuri namna gani. Hakuna cha kulizuia lisizunguke. Akiwa juu, vidole viwili au zaidi vipite kati ya kichwa cha tandiko na mgongo, na mwanga uonekane kupitia mfereji ukiangalia kwa nyuma.

Dakika ishirini za kutembea na troti (mwendo wa kukimbia polepole), duara za kulia na kushoto sawa, kisha livue na usome jasho. Unataka alama mbili zilizolowa sawasawa, na njia kavu katikati pale uti ulipo. Doa kavu ndani ya eneo lililolowa lina maana mbili: ama hapaguswi kabisa, ama pamegandamizwa hadi jasho halitoki. Papase. Pakiwa nyuma ya bega na anashtuka, ni la pili. Nywele zilizosokotana kiunoni zinasema nyuma ya tandiko inacheza.

Hayo yakienda vizuri siku mbili tatu, simamisha nguzo mbili za msalaba, katikati sentimita 50, na umrekodi kwa simu: mara tatu kutoka ubavuni, mara tatu kutoka nyuma. Ubavuni angalia wakati wa kutua kama ukingo wa nyuma unapiga mgongo. Nyuma angalia kama katikati ya tandiko inabaki kwenye mstari mmoja na mkia au inahamia upande mmoja. Ikihama kila mara upande uleule, badilisheni mwelekeo wa kuruka, na ikiendelea pima urefu wa vikuku kabla hujalilaumu tandiko. Weka chaki kwenye manyoya mbele ya ubawa kabla ya kuanza. Baada ya miruko kumi pima limesogea kiasi gani. Sentimita moja ni kawaida. Zikiwa tatu, rudi kwenye mkanda wa kwanza na mshipi, halafu kwenye bapa ya mbele, kwa mfuatano huo, ukibadilisha kitu kimoja tu kwa siku ili ujue ni kipi kilichosaidia.

Lile la M msilitupe. Mmojawapo wa wale watano mwenye kinundu kirefu huenda likamfaa. Katoni na waya vipo, mpimeni naye.